Muhuri wa Kubuni Chini ya Sahani

Mama yangu anauza vyombo Jules Street, hapa Malvern, kusini kabisa, mbali na kwao Tanga, na sijawahi kumwona akianza kuangalia sahani kwa juu. Anaigeuza, anakagua mgongo, kisha anaipiga kwa ukucha na kuisikiliza. "Uso ni wa kupendeza wageni," husema. "Mgongo ndio unaokwambia imetoka wapi."

Kwa hiyo kazi ya sanaa ilipotolewa shuleni, mimi nilianza kufikiria mgongo.

Kila mmoja alitakiwa afinyange sahani na kuipamba kwa utamaduni wake, kwa ajili ya maonyesho ya Jumamosi ambayo wazazi wangekuja kuyaona. Wengi walichora ngao na shanga. Mimi nilikuwa nimekuta maktaba kitabu cha sahani za zamani za Uajemi, za bluu na nyeupe, nikashindwa kukirudisha. Mafundi wale walizipenda mno sahani za Kichina. Udongo mweupe wa Wachina hawakuwa nao, basi wakasaga mawe na kioo wakajipatia weupe wao. Wakachora mawingu ya Kichina na majoka ya Kichina. Na chini, pale Mchina anapoweka muhuri wake, nao wakaweka muhuri: vijistari ndani ya mraba, vya kubuni tu, maana Kichina walikuwa hawakijui. Nilicheka peke yangu mle maktaba mpaka nikaona aibu.

Nikachora yangu. Mawingu yale yale, bluu ile ile, ila katikati badala ya joka nikaweka hadida, yule ndege wa mdomo mrefu anayetupigia kelele juu ya mabati kila alfajiri. Chini nikaweka mraba na vijistari vyangu.

Mwalimu aliigeuza mbele ya darasa zima.

"Hiki ni Kichina?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa kimeandikwa nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akasema, "Eish, mali feki hiyo!"

"Ninyi Watanzania mna mambo yenu mazuri," mwalimu akasema, wala si kwa ubaya. "Kwa nini ujifanye Mchina? Funika huu muhuri kwa rangi. Bila hivyo siiweki mezani Jumamosi."

Mimi si msemaji. Nikiitwa jina tu, masikio yanawaka. Lakini jirani yangu wa dawati, Mkongo anayekaa Troyeville, mtaa wa jirani, alinikanyaga mguu. "Juu ya nini unanyamaza? Sema, dada!"

Nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu, lakini ilitoka. Nikasema Waajemi nao hawakujua walichoandika, na leo sahani zao ziko makumbusho, hakuna anayezifunika rangi. Nikasema hata ile bluu Wachina waliitoa Uajemi, sasa nani kamwiga nani? Nikasema kwao mama, Tanga, yako makaburi ya kale yaliyopachikwa mabakuli ya ng'ambo, na hakuna anayesema si ya kwao.

"Muhuri ni wangu," nikamalizia. "Siufuniki."

Nikaikalia mikono yangu. Mwalimu akaigeuza tena ile sahani. "Itakaa mezani," akasema. "Lakini uso juu."

Jumamosi mama alifunga biashara mapema. Alipofika mezani alimwona hadida, akacheka, akaigeuza sahani papo hapo. Akaipiga ukucha, akasikiliza. Kisha akapitisha kidole kwenye mraba.

"Hii inasema nini?"

"Haisemi kitu, mama. Nimebuni mwenyewe."

"Sasa mbona wameificha?"

Akairudisha kifudifudi, mgongo juu, akaenda kutafuta chai.

Mwalimu akapita, akaigeuza. Nikangoja aende zake, nikaigeuza tena. Akarudi, akaigeuza, safari hii akinitazama. Zamani ningekimbilia chooni nikajifungie. Nilibaki pale pale, masikio yanawaka moto, nikanyoosha mkono na kuigeuza mbele ya macho yake.