Tela Lililokataa Breki

Wiki iliyopita nilikuwa gereji moja pale Mikumi nikisubiri pancha izibwe, ikaingia pikapu ikivuta tela lenye kitanda na jiko la gesi ndani. Wenyewe walikuwa mzee mstaafu wa Kilosa na mkewe, safari yao ya kwanza.

"Kanyaga breki nione taa, mzee," fundi akasema, akiwa nyuma ya tela.

Mzee akakanyaga. Ikawaka indiketa ya kushoto.

"Nimesema breki!"

"Si ndiyo hii nimekanyaga!"

Akawasha indiketa ya kulia, taa zote zikafifia. Sisi wateja tukaanza kutoa ushauri, kila mtu na wake. Mimi nililaumu betri, ingawa sijui kitu kuhusu betri. Fundi akajishika kichwa, kisha akachomoa waya ili augusishe kwenye betri ya tela aone kama utatoa cheche.

Mke wa mzee, aliyekuwa ndani ya tela akiangalia taa za humo, akachungulia dirishani. "Mwanangu, acha kwanza. Huku kunanuka gesi."

Fundi akauweka waya chini taratibu, akafunga mtungi, akafungua milango. Alipopaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi, mapovu yakatoka mahali palipopasuka. Akaubadilisha. Harufu ilipoisha kabisa, akakwangua kutu kwenye waya aliouita ethi, pale tela linapoungana na pikapu, na breki ikawaka kama breki. Kwa nini, sijaelewa mpaka leo.

"Haya, twende tukalale porini!" mzee akasema.

Mkewe akapanda mbele, akafunga mkanda.

"Twende. Ila leo tunalala gesti."