Mwanga Nilioukataa Mdomoni mwa Masanja

Siku ile haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa kijana mwenye jicho kali na mdomo mkali zaidi, nachambua mawe kwenye mgodi wa almasi kule Mwadui. Mkuu wetu, mzee Sayi, alizoa kokoto nilizokwisha kuzitupa, akazipitisha kwenye mashine yenye mwanga. Kokoto za kawaida zilibaki na giza lake. Mbili zikang'aa.

"Jicho lako hili," akaniambia mbele ya wenzangu, "limetupa almasi mbili kabla ya chai. Linakudanganya, na wewe unalishukuru."

Wakacheka. Nilinuna wiki nzima. Somo sikulichukua, nilichukua hasira tu.

Baadaye nikahamia Geita, nikachimba dhahabu, nikajenga nyumba tatu Kalangalala. Shule niliishia darasa la tatu, na waliosoma wamepanga kwangu. Nasema haya ujue kiburi changu kilikotoka.

Mwaka juzi mdogo wangu Masanja, mtu wa kuweka ugoro mdomoni tangu tukiwa mashimoni, akaota kidonda pembeni ya ulimi, kidogo kama punje ya mtama. Nikampeleka hospitali kubwa Mwanza. Daktari, binti mdogo, akampaka dawa inayong'ang'ania nyama yenye ugonjwa, akazima taa, akammulika kwa mwanga wa buluu. Ulimi ukang'aa kijani, na siyo pale penye punje tu. Hadi chini kabisa, mahali nilipoona nyama safi.

"Saratani imefika huku," akasema. "Nikishakata nitamulika tena, nitoe chote kinachong'aa. Sasa hivi inawezekana, baba."

"Kata ninachokiona."

"Usichokiona ndicho kitakachomuua."

"Binti, mimi nimesoma mawe kabla mama yako hajaolewa. Tochi hainifundishi nyama."

Masanja akacheka, ulimi bado una kijani. "Daktari, huyu ndiye kaka. Akisema twende, mimi naacha hata viatu."

Tukaondoka. Nikampata mtu wa kuchoma vidonda, akakichoma, kikafunga, nikatamba mtaa mzima. Baada ya mavuno kikarudi, kule kule mwanga ulikoonyesha, kikashuka shingoni. Tukarudi Mwanza. Binti yule hakunisema. Nilitamani anitukane. Alisema tu kwamba kwa kisu tumechelewa.

Mwishoni Masanja hakuweza kusema. Nilikuwa namnywesha uji kwa kijiko, akainua kidole, akagusa kope ya jicho langu, akakiacha hapo. Sikumwuliza maana yake. Wiki ile tukamzika.

Basi sikia. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili hakijapona, nenda hospitali. Ugoro utupe leo. Ukiambiwa kuna ugonjwa usiouona, uliza mpaka uelewe, lakini usibishe kwa sababu tu jicho lako halijauona. Na siku ukiwa mkubwa wa nyumba, ogopa sana yule anayekutii bila kuuliza, maana makosa yako atayalipa yeye.

Mungu akupe watu wa kukukatalia usoni, mwanangu, na akupe moyo wa kuwasikiliza. Mimi alinipa wawili. Nikawanunia wote.