Shule Moja, Maombi Mawili

Hofu ilimpata Dalali wakati anatoka, si wakati anaingia. Alikuwa amemaliza shughuli zake katika ofisi ya ruzuku, amesimama mlangoni akingoja mlinzi amrudishie kitambulisho, ndipo akamsikia karani wa mapokezi akimweleza mzee mmoja kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia neno lilelile tangu asubuhi.

"Hakuna tena dirisha la afya na dirisha la elimu, mzee wangu. Wala la ustawi wa jamii. Fedha zote za utafiti sasa ni dirisha moja. Taasisi moja, ombi moja. Ikionekana kwenye maombi mawili, yote yanatupwa na taasisi yenyewe inafungiwa."

"Inafungiwa nini?"

"Ruzuku zote za serikali. Misimu mitatu. Mwenye kutaka kurekebisha, mwisho kesho kabla hatujafunga ofisi."

Mlinzi alikuwa amenyoosha mkono na kitambulisho, nacho hakikupokelewa.

"Mama, si chako hiki? Au sura imebadilika?"

Sura ilikuwa imebadilika kweli. Dalali alikichukua, akatoka, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Mwendesha pikipiki mmoja akamtukania ukoo mzima. Hakumjibu, yeye ambaye siku zote hakuwahi kudaiwa tusi.

Jina la Dalali alipewa na makarani wa ofisi hizohizo. Zamani alikuwa akipita mlango kwa mlango na blauzi za mitumba begani, akiuza kwa kukopesha, na watu wanaojaribu nguo hawachungi midomo. Hapo ndipo aliposikia kwamba kila mwisho wa mwaka fedha za utafiti zinarudi hazina kwa kukosa wa kuzichukua. Si kwamba waombaji hawapo. Wapo tele, lakini madaktari wanaleta maombi siku dirisha limekwisha kufungwa, na walimu wanaambiwa waandike kurasa tatu, wanaandika kumi na tano na shukrani kwa wazazi. Dalali akaona bidhaa ipo, wateja wapo, kinachokosekana ni mtu wa katikati. Akauza blauzi zilizobaki kwa bei ya kutupa, akahamia kwenye ruzuku.

Hakuwa msomi na hakujifanya msomi. Alichokuwa anajua ni soko. Wizara ya afya msimu huu inanunua nini, ya elimu inanunua nini, nani anasoma maombi kwanza, na kibali cha maadili ya utafiti kinachukua muda gani kutoka. Wateja wake aliwafundisha bila kuwabembeleza. "Wewe unaniambia unachotaka wewe," angesema. "Serikali imeshasema inachotaka yenyewe, imebandika ukutani. Kasome, halafu uje tuone kama mnatafutana." Daktari mmoja aliweka kwenye bajeti mafuta ya gari la shemeji yake. Dalali aliyafuta mbele ya macho yake, akamwambia shemeji apande baiskeli, ni nzuri kwa moyo.

Sasa, wateja wawili wa msimu huu ndio waliomleta kwenye janga. Wa kwanza alikuwa Nesi wa kliniki ya masikio, aliyetaka kujua kwa nini watoto wanaletwa kwake sikio likiwa limeshatoa usaha na kuziba, wala si mapema. Wa pili alikuwa Mhadhiri wa chuo cha ualimu, aliyetaka kujua mtoto ambaye hajawahi kusikia sauti anajifunzaje kusoma. Nesi alikwenda dirisha la afya, Mhadhiri dirisha la elimu. Kila mmoja alihitaji shule ya kushirikiana nayo, na shule Dalali alikuwa nayo. Ilikuwa shule ya watoto viziwi ambayo mwalimu mkuu wake ni dada yake, tumbo moja. Kwenye mitumba kioo kimoja kinawatosha wateja mia. Akawapa wote wawili shule ileile, na hakumwambia yeyote habari za mwenziwe. Kwa utaratibu wa wakati ule halikuwa kosa. Ilikuwa biashara.

Dada alitia sahihi mara mbili, kwa sababu aliyeleta karatasi ni mdogo wake.

Na ruzuku za serikali ndizo zinazolipia betri za vifaa vya kusikia vya watoto wale. Betri zikikatika, watoto wote wa darasa la kwanza, ambao ndio kwanza wanaanza kuokoteza sauti, wanarudi kwenye ukimya. Misimu mitatu kwa mtoto wa darasa la kwanza ni utoto wote. Hilo Dalali alilijua, na ndilo alilokuwa akilifikiria njia nzima.

Alimkuta dada yake ofisini kwake shuleni, anakata mkate wa watoto wa chai ya saa kumi. Akamweleza akiwa amesimama. Dada hakuacha kukata.

"Kwa hiyo umenioza kwa wanaume wawili," alisema, "na harusi ni siku moja."

"Dada, sikujua kama wangeunganisha."

"Ulijua kwamba wao hawajuani. Hilo ulilijua."

Dalali alikaa.

"Nitayamaliza kabla ya kesho ofisi kufungwa. Mmoja ajitoe, au wawili waungane liwe ombi moja. Kuungana kunaruhusiwa, wote wakitia sahihi."

"Na wasipotaka?"

"Watataka."

"Nimekulea, mdogo wangu," dada alisema, akipanga vipande kwenye sinia. "Najua sauti yako ukiwa na uhakika. Siyo hii."

Aliwapigia wote wawili simu waje shuleni kesho yake asubuhi, kila mmoja akiambiwa ni jambo la kawaida, sahihi tu. Usiku ule hakulala vizuri, na hilo tuliache, maana hata mwenye deni la pilipili hulala vibaya.

Mpango wake ulikuwa wa kichuuzi. Wateja wawili wanaogombea nguo moja usiwaweke pamoja hata siku moja, kwa sababu wakitazamana watakutazama na wewe. Basi akamweka Nesi darasa la mwisho kwenye ukumbi, na Mhadhiri darasa la kwanza, na kati yao kulikuwa na vyumba viwili vya watoto. Madarasa yote ya shule ile yana vioo vikubwa upande wa ukumbini na kati ya chumba na chumba, ili mwalimu amwone kila mtoto na kila mtoto amwone mwalimu. Dalali hakuvifikiria vioo. Alifikiria milango, akaifunga.

Alianza na Mhadhiri, mtu mrefu aliyeketi kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu yaguse kidevu.

"Daktari, kuna nesi mmoja wa masikio ana ombi linalofanana na lako. Amekubali kuja chini yako. Wewe kiongozi, yeye msaidizi. Ni kutia sahihi tu."

"Amekubali mwenyewe?"

"Mwenyewe," Dalali akasema, akashusha sauti kama anayetoa siri. "Tena amefurahi."

Akatoka, akapita ukumbini kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, huku jasho likimteremka mgongoni. Kwa Nesi aliimba wimbo huohuo kwa sauti nyingine. Mhadhiri amekubali yeye Nesi aongoze upande wa afya, vyeo ni vya karatasi tu, atie sahihi. Nesi alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, wa mikono mikavu ya sabuni. Hakuwa akimtazama Dalali. Alikuwa akitazama kioo kilichokuwa nyuma yake.

"Endelea, mama," alisema. "Nakusikiliza."

Dalali akaendelea. Nesi naye akaendelea kutazama kioo, mara akainua vidole, akafanya ishara fulani, akangoja, akafanya nyingine. Dalali akageuka. Wasichana wa darasa la jirani walikuwa wamejipanga kwenye kioo chao, nyuso zimebana, mikono inakwenda mbio. Wa kwanza alikuwa akipokea kutoka kwa wenzake wa chumba kinachofuata, na wale kutoka kwa wadogo wa darasa la kwanza ambao Mhadhiri alikuwa amekalia darasa lao, wakabaki ukumbini pua zimegandamana na kioo.

"Wanasema nini?" Dalali aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Wanasoma midomo, hawa," Nesi alisema. "Mtu akinong'ona ndipo wanamsoma vizuri zaidi, kwa sababu anapanua mdomo. Wanasema umemwambia yule bwana mrefu kwamba mimi nimekubali kuwa msaidizi wake na nimefurahi." Akangoja kidogo, akapokea habari nyingine kutoka kwenye kioo. "Na yule mdogo wa mwisho anauliza kwa nini unaogopa."

Katika maisha yake ya biashara Dalali alikuwa ameshikwa mara kadhaa, na mara zote alikuwa na neno la akiba. Safari hii alifungua mdomo, akakumbuka wanaomtazama, akaufunga.

Nesi aliinuka, akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye darasa la kwanza. Dalali akamfuata kama mtu anayefuata jeneza.

"Mimi sijakubali lolote," Nesi alimwambia Mhadhiri. "Tuanzie hapo."

Mhadhiri alijitahidi kunyanyuka kutoka kwenye kile kiti kwa heshima, ikashindikana mara ya kwanza. Aliposimama alikuwa amekwisha kuvimba kwa hasira. "Mimi nina kazi chuoni. Nimeletwa hapa kuchezewa? Ombi langu liko mezani, litabaki lilivyo. Huyu mama akajitoe yeye."

"Na mimi langu litabaki," Nesi alisema.

Akachukua mkoba wake. Mlangoni alikuwa amesimama dada, mwalimu mkuu, mikono nyuma, wala hakuonekana kama ana nia ya kumpisha mtu. Akamtazama mdogo wake.

Hapo Dalali akasema kweli, kwa kuwa hakubakiwa na kitu kingine cha kuuza. Aliisema vibaya, kwa vipandevipande. Madirisha yameunganishwa. Shule iko kwenye maombi yote mawili. Niliwapa wote shule moja na nikawaficha. Yakibaki mawili mpaka ofisi ikifungwa, wewe umekosa, na wewe umekosa, na hawa watoto wanakosa betri kwa misimu mitatu, na aliyetia sahihi ni dada yangu. "Naogopa," alisema. "Sina hila nyingine. Fungu langu la udalali kwenye maombi haya sitaki tena, gawaneni."

Mhadhiri akatazama vioo, na vioo vilikuwa vimejaa macho.

"Wanajua?" akauliza taratibu.

"Wanajua kila kitu," dada akasema. "Umesimama mbele yao unazungumza."

Nesi ndiye aliyeanza kuuza. Alivuta kiti cha mtoto, akakaa. "Bwana, wewe unataka nini hasa? Usinijibu kisomi."

Mhadhiri alikohoa. "Chuoni ukiwa hujawahi kuongoza utafiti hupandi. Nina miaka mingi sijapanda."

"Mimi cheo sikihitaji, hospitali hainipi hata kiti. Mimi nataka watoto wapimwe masikio kwanza, kabla hujawapa kitabu chako. Na kifaa cha kupimia tutakachonunua kisirudi chuoni utafiti ukiisha. Kibaki hapa."

"Kibaki hapa shuleni?"

"Hapa. Kwa maandishi."

"Kwa hiyo naongoza mimi."

"Ongoza mpaka uchoke."

Dalali aliwasikiliza. Mapatano ambayo angeyahangaikia wiki nzima, kwa milango miwili na uongo wa pande zote, yalikuwa yamekwisha kabla chai haijapoa. Kama mfanyabiashara, hilo lilimuudhi. Lakini hakuwa na nafasi ya kuudhika, saa ilikuwa inakwenda.

Kuandika ombi moja jipya kuliwamalizia mchana wote, wakafika ofisi ya ruzuku mlinzi akiwa ameshaanza kushusha mapazia. Afisa aliyepokea marekebisho alikuwa kijana mwenye miwani na mafua. Aliangalia sahihi za wawili, akapiga muhuri ombi jipya, yale mawili ya zamani akayachora mstari. Halafu akanyanyua kichwa.

"Mwalimu mkuu aliyeridhia yote mawili yuko wapi? Mwenyekiti wa kamati ya ruzuku anataka kumsikia mwenyewe. Peke yake."

"Niko hapa," dada akasema.

Dalali aliinuka pamoja naye. Afisa akainua kiganja. "Nimesema peke yake, mama."

Mlango ukafungwa. Dalali alikaa kwenye benchi la ukumbini, Nesi upande mmoja, Mhadhiri upande mwingine, wote watatu wakitazama mlango wa mbao usio na kioo. Alizoea kungoja majibu ya watu wengine, akiwaambia wasiwe na wasiwasi, kisha akienda zake nyumbani kula. Sasa hakuwa na pa kwenda. Ndani kulisikika sauti ya mwanamume ikisema kwa muda mrefu, na ya dada ikijibu kwa neno moja, kisha ya mwanamume tena. Dalali alijaribu kukisia neno lile ni ndiyo au hapana. Hakuweza.

Dada alitoka akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Ombi limepokelewa," aliwaambia wale wawili. "Shule haifungiwi. Nendeni mkapumzike."

Mhadhiri alimshukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nesi alimgusa bega tu, wakaondoka. Ndipo dada akamgeukia mdogo wake.

"Kuna sharti. Shule isishughulike tena na ofisi hii kupitia mtu wa katikati. Na mtu huyo asionekane hapa na ombi la mtu yeyote. Waliniuliza kama nakubali."

"Ukasemaje?"

"Niliuliza nitie sahihi wapi."

Dalali aliitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo bei ambayo yeye mwenyewe angeitaja, kama angekuwa upande wa pili wa meza. "Ni kwa muda gani?"

"Hawakusema."

"Na wewe hukuuliza? Dada, kitu cha kwanza kuuliza ni muda."

"Sikuuliza," dada alisema. Alikuwa bado ameubana mkoba kifuani, kwa mikono ileile iliyomlea Dalali. "Niliogopa wangebadili mawazo."

Mlinzi alikuja akizima taa za ukumbi moja moja. Dalali alimshika dada yake kiwiko, akamtoa nje kabla mlinzi hajawafikia.