Santuri ya Mjomba Yaanikwa

Mjomba wangu alikuwa mpiga dramu wa bendi ya roki iliyotumbuiza katika hoteli za Shelly Beach miaka ya themanini. Walitoa albamu moja tu, ya kwanza na ya mwisho, na nje ya ukoo wetu sijakutana na mtu aliyewahi kuisikia. Nakala iliyobaki ni yake. Nilimwomba aniazime nizihamishe nyimbo kwenye kompyuta, kisha niandike makala. Nina shahada ya fasihi, na muziki siujui, kwa hiyo nilijiona nafaa. Akanipa kwa sharti moja: siku ya kuipiga, awepo.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, mvua zimekatika. Nilirudi nyumbani Likoni na gramafoni ya kuazima, nikaikuta santuri uani, jua la saa saba likiipiga, imelazwa juu ya godoro baina ya mito na joho langu la mahafali.

"Ilishaota kuvu, mwanangu," mama akasema. "Nikaianika."

Mvua zikikatika, mama huanika kila kitu. Ukingo wa santuri ulikuwa umejikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Niliitia chini ya kamusi zangu tatu, nikazikalia, nikiomba mjomba achelewe.

Hakuchelewa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umekaa kama kuku aatamiaye?"

"Nimeiharibu mimi, ndugu yangu," mama akamwambia. "Niliianika."

Mjomba aliitoa santuri, akaitazama ubavuni, akaupitishia kidole ukingo uliojikunja. Heri angenitukana.

"Piga," akasema.

Wimbo wa kwanza, sindano ikaruka. Wa pili, ikaruka tena. Niliishusha karibu na katikati, ambako hakukupinda. Gitaa likaitika, kisha dramu, mbio mbio.

"Huyu kijana anakimbilia wapi?" mjomba akauliza.

"Nyumbani," mama akamjibu. "Ulikuwa ukiogopa baba atafunga mlango."

Mjomba alicheka mpaka wimbo ukaisha. Halafu akairudisha santuri kwenye jalada lake, akaitia kwapani.

"Mjomba, bado sijarekodi."

"Utarekodi, inshallah. Kwangu. Na mama yako abaki hapa."

Akaondoka. Siku ya kwenda hakunitajia.