Almasi ya Mraba

Juzi nilikuwa kwa sonara, Mji Mkongwe, nikisubiri hereni yangu itengenezwe. Akaingia bwana mwenye mvi na bibi wa rika lake, wakaomba kuona pete za uchumba.

“Ya binti yenu?” sonara akauliza.

“Yangu,” bibi akajibu, akanyoosha kidole.

Bwana akapendekeza almasi ya duara, ya heshima. Bibi akaisukuma kando, akachukua iliyochongwa mraba, inayometa kila pembe.

“Marehemu mume wangu nilichaguliwa, na pete nikachaguliwa,” akasema. “Safari hii nnachagua mwenyewe.”

“Na mimi je?” bwana akauliza.

“Wewe nshakuchagua zamani. Imebaki pete tu.”

Bwana akacheka mpaka akavua kofia. Wanawake tuliokuwemo tukapiga vigelegele.

Watu husema uchumba ni mambo ya vijana. Mie naona vijana huuanza mapema mno.