Programu isiyofuta mtu

Juzi nilikuwa nangoja fotokopi kwenye duka la kompyuta mtaani Dilala. Mbele yangu mwenye ukumbi wa mazoezi, filimbi shingoni, alikuwa anachagua programu ya kuandikia majina ya wanachama wake.

"Ya ku internet iko muzuri, tata," muuzaji akamwambia. "Hata mashini ikiibiwa, majina inabakia. Na mutu akikosa kukuya miezi tatu, inafuta jina yake yenyewe."

"Na ile ya mu mashini?"

"Ile haifutake mutu."

Mzee akaishika filimbi. Mtaa wa nyuma ya ukumbi wake, walikokaa wanachama wake wengi, umebomolewa kupisha mgodi. "Mi nakamata ile. Bale habakuacha mazoezi. Balibafukuza."

Nikamwona mkaidi asiyejua biashara.

Jana asubuhi nilipita kwake. Ukumbi mtupu. Amesimama mbele ya kompyuta, anaita majina kama alivyozoea kabla ya mazoezi, na baada ya kila jina anangoja kidogo.

Mimi sijawahi kuinua kitu kizito kuliko kalamu. Lakini lilipoitwa jina la tatu, nikaitikia pale mlangoni kwamba yupo: "Prezan!"

Hakugeuka. Akaweka alama, akaita linalofuata.