Nilipeleka ndoo za bahari kwenye tangi la shemeji

Kosa ni langu, jamani, wala simsingizii shetani. Shetani mwenyewe angeniona siku zile na ndoo yangu, angenionea huruma.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwalimu, kwao Kondoa. Bahari kaiona ana ndevu tayari. Lakini tangu ahamie kwetu Bagamoyo, bahari ikamwingia kichwani, mpaka akaweka sebuleni tangi la kioo la maji ya chumvi. Ndani yake samaki wadogo wa rangi, na matumbawe hai aliyoyanunua kipande kimoja kimoja kwa jamaa wa Dar anayeyakuza. Kipande kimoja kilikuja kikiwa kama ukucha, mwaka aliomuoa dada, kikakua hadi kikajaa kiganja. Akija mgeni anamwonyesha: "Hiki ndicho kiwanja changu cha pwani, nilipewa ukweni."

Mimi naye utani wetu ulikuwa hauna siku ya kupumzika. Yeye ananiita Mwenye Bahari, mimi namwita Mtu wa Vumbi. Dada alishachoka kutuamua.

Likizo ya shule ilipofika wakaenda Kondoa kumwona mama yake, mimi nikaachiwa nyumba. Shemeji akanisimamisha mbele ya tangi.

"Shemeji, leo sitanii. Maji yanapungua kwa joto. Yakishuka chini ya huu utepe, ongeza haya ya kwenye madumu. Haya tu, usiongeze kingine."

Nikaonja ya kwenye dumu. Maji matupu yaliyochujwa, hata punje ya chumvi hayana!

Nikacheka moyoni. Samaki wa baharini umpe maji ya kunywa? Babu yangu mvuvi, baba yangu mvuvi, mimi mwenyewe nauza samaki, halafu nifundishwe bahari na Mtu wa Vumbi! Nikaitikia "sawa shemeji", kumbe nishaamua yangu.

Basi maji ya madumu nikachemshia chai. Kisima chetu kina chumvichumvi, kwa hiyo sikufichi, chai ilitoka tamu sana! Tangi nikawa naliletea maji ya bahari yenyewe, ndoo nimeipakata nyuma ya bodaboda, kutoka ufukweni mpaka nyumbani kwao Dunda, suruali imelowa chapachapa.

"Kaka, bahari unaipeleka wapi?" dereva akaniuliza.

"Nampelekea shemeji, kwao hawana."

Tukacheka njia nzima.

Siku za mwanzo mambo yalikuwa shwari. Halafu matumbawe yakaanza kujikunyata. Yale yaliyozoea kufunguka mchana kama maua yakabaki yamejifunga. Mtu mwenye akili angepiga simu. Mimi nikasema yamekumbuka kwao, nikaongeza ndoo nyingine! Pembeni mwa kioo chumvi nyeupe imeganda, nami naifuta kwa kitambaa, najisifu kwa usafi.

Walipokaribia kurudi, samaki walikuwa wanahema juu juu, wengine wamekufa, na kile kipande cha kujaa kiganja kimebaki jiwe jeupe. Hapo ndipo nilipofanya kosa baya kuliko la ndoo. Nilidanganya! Dada anaingia na mabegi, mimi niko mlangoni nimeshika kichwa: "Poleni jamani, umeme ulikatika, pampu zikazima, nimehangaika weee!"

 Shemeji akachukua kipimo chake cha chumvi, akachota maji, akatazama, akapima tena.

"Umeme haupandishi chumvi," akasema taratibu.

Ikabidi niseme habari ya ndoo. Dada ndiye aliyeniwakia. "Wewe, mchuzi ukikauka jikoni unaongeza maji au unaongeza chumvi? Maji yanakwenda na joto, chumvi inabaki humo humo! Kila ndoo yako ilileta chumvi juu ya chumvi!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jambo analolijua kila mpika mchuzi, mimi mjukuu wa mvuvi sikulijua.

Nikaomba radhi. Shemeji akasema, "Yamepita." Nikangoja matusi. Nikangoja utani wa mwaka mzima, maana makaa nilijipalia mwenyewe. Haukuja.

Samaki waliobaki aliwagawa. Tangi lilihamia jikoni, sasa dada anawekea vitunguu.

Ijumaa iliyopita nilikula samaki kwao. Nikamchokoza kusudi: "Mtu wa Vumbi, leo mwiba haujakukwama?" Dada akainua macho. Shemeji alikuwa ananawa mikono. "Haujanikwama, ahsante," akasema, kisha akaniita kwa jina langu la kitambulisho, ambalo hata mama yangu halitumii. Nikaomba maji ya kunywa, nikasingizia pilipili.

Jamani, ukiachiwa kitu cha mtu, fanya alivyokuambia, hata kama unajiona umezaliwa nacho. Na ukiharibu, sema mapema, kabla hajapima! Yule mtu alijitafutia bahari yake ndogo ili awe mwenyeji kama sisi, nami nikamfanya mgeni sebuleni kwake mwenyewe.

Bado namtania kila nikimwona. Ananijibu kwa adabu.